Pimbi Aliyetuma Wenzake Wamwotee Moto

Kilema, 9 Juni 2024

Kwa dada yangu Sista Theopista,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Huku kihambani, kwenye migomba yetu, tu wazima, ila baridi inatukomesha. Ukungu umeshuka tangu Jumanne na hauna dalili ya kuondoka. Jua tunasikia tu redioni kwamba liko Dar es Salaam. Kahawa ya upande wa chini, karibu na mfereji, imeanza kuwa nyekundu. Ng'ombe amezaa dume, ndiyo bahati yangu hiyo. Gladys mwanangu hajambo kule Shirimatunda, na barua hii ataiweka yeye posta mjini, maana goti langu na safari ya Moshi hawasalimiani siku hizi.

Dada, nina jambo, na huko kwenu simu haziingii, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu. Denis mwanangu amesema Krismasi hii anakuja. Yeye mwenyewe, na mkewe, na huyo mtoto wao mwenye jina langu. Remi ana miaka tisa sasa na sijamtia machoni ila kwenye kioo cha simu ya Gladys. Mama yake ni mtu wa Ghana, nyumbani kwao huko Kanada wanasema Kiingereza tu. Mtoto hajui Kichagga, hajui Kiswahili, akiniona kwenye simu anapunga mkono na mimi napunga, basi, tumemaliza mazungumzo.

Sasa nitakaa na mjukuu wangu wiki nzima tunapungiana mikono? Kiingereza changu unakijua, ni kile cha jikoni mlimani. Nilipika miaka mingi kwa ajili ya wageni wa kupanda Kibo na maneno yangu ni maji ya moto tayari, supu inakuja, polepole bwana. Kwa hayo huwezi kumlea mtu.

Nimeamua nimsimulie ile hadithi ya mama, ya Pimbi na moto. Unaikumbuka. Baridi kali ilishuka mlimani, na Pimbi yuko juu kwenye mawe anatetemeka. Chini bondeni mama yake amewasha moto, anamwita. Pimbi haendi. Anamwambia Sungura, nenda kwa mama ukaniotee moto. Sungura anakwenda, anakaa, anaota, anakula mtori wa ndizi, anarudi: moto mzuri sana, mama anakusalimu. Pimbi anajishika mwili, bado wa baridi. Anamtuma Kima. Anamtuma Nungunungu. Wote wanarudi wamepata joto na salamu, na yeye yuko vilevile. Ndiyo maana mpaka leo usiku unamsikia msituni analia.

Wewe ulifundisha Kiingereza sekondari kabla hujaingia huko ndani. Nisaidie kiwe Kiingereza kilichonyooka. Sitaki mtoto arudi kwao akasema babu yangu anaongea kama mtoto wa chekechea. Nimeanza hivi, usicheke:

"Long time ago Pimbi he is feeling cold too much. But he is lazy. He say to Hare, go to my mother and warm fire for me."

Nasubiri kalamu yako nyekundu. Mdogo wako,

Remigius


Monasterini, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Remigius,

Milele na milele, amina. Marahaba. Barua yako ilifika na Mama Mkuu akanipa baada ya Masifu ya Jioni, nikaisoma nimesimama. Sisi huku wote wazima. Sista mmoja mzee ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita, tumemzika hapahapa bustanini. Nami macho yangu yamepunguza kazi kidogo lakini ya kusahihishia bado ninayo. Zile ndizi alizoleta Gladys mwezi wa nne zilifika salama, na masista walinishangaa ninavyozila kwa pupa na mimi ndiye huwasomea wenzangu habari za kiasi.

Sasa kazi. Nimecheka, utanisamehe. Umeanza na zamani za kale, halafu hujavuka hata sentensi moja ukaingia leo. Chagua, Remigius! Hadithi ya zamani inakaa zamani mpaka mwisho: "was", "said", "went". Na hiyo "too much" ni ya jikoni kwenu, weka "very cold". Pili, ukisema "warm fire for me" mtoto ataelewa kwamba Sungura ametumwa kuupasha moto joto, kana kwamba moto umepoa. Andika: "Go and sit by my mother's fire for me." Ni Kiingereza chepesi na mtoto wa miaka tisa ataona kiti, ataona moto. Pimbi kwa Kiingereza ni "hyrax".

Ila neno moja sijalisahihisha kwa sababu si kosa la lugha. "Lazy." Mvivu. Mama hakusema hivyo, mimi nilikuwepo na wewe ulikuwa mgongoni kwake. Mama hakusema kabisa kwa nini Pimbi haendi. Sisi tulikuwa tunamuuliza, naye anasema, "Mwulizeni Pimbi," anaendelea kumenya ndizi. Huo uvivu umeutia wewe kwa mkono wako. Ziko sababu nyingine za mtu kutokwenda kwao. Anaweza kuwa na shughuli, akaogopa, akaona haya. Kila moja ina neno lake kwa Kiingereza na nitakupa lolote utakalochagua.

Nakuuliza na jambo jingine, nijibu. Mkeo Scola alipofariki, Denis hakuja kumzika mama yake kwa kuwa karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka, angetoka asingerudi. Hilo tulilijua wote. Lakini karatasi zimetoka siku nyingi. Je, ninyi wawili mmewahi kulizungumza, wewe na yeye? Hiyo hadithi unataka kumwitia au kumchomea?

Nisalimie kihamba. Nisalimie kaburi la mama na la Scola.

Dada yako,
Theopista


Kilema, 28 Julai 2024

Dada mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, shikamoo. Hapa salama. Ndama anakua na ana kichwa kigumu, Gladys anasema kanirithi. Tumeanza kuchuma kahawa.

Aika, asante kwa masahihisho. "Hyrax" nimelikataa. Nimelisema mbele ya Gladys akauliza kama ni dawa ya kikohozi. Atabaki Pimbi, na mtoto atauliza Pimbi ni nani, nami nitampeleka nyuma ya shamba amsikie. Hayo mengine yote nimeyashika, "was" nimeweka kila mahali, mpaka pengine isipotakiwa.

Lakini uvivu utabaki. Dada, wewe uko ndani huko hujui mambo yanavyokwenda. Jirani yangu Aminieli ana kijana wake, Eliufoo, anaishi mji mmoja na Denis. Eliufoo kila Desemba anapanda ndege anakuja kwao, kama Wachagga wenye akili zao. Na kila Desemba ananiletea begi kutoka kwa Denis. Blanketi. Dawa ya goti. Viatu vya sufu. Mwaka jana saa inayopima moyo! Nina blanketi mpaka nyingine nimempa ng'ombe. Na tukichinja mbuzi, unajua kwetu kila mtu ana fungu lake, fungu la mwana wa kwanza nalikata na kuliweka pembeni kama kawaida. Nani atalila? Eliufoo. Aliyeleta begi anamlia mwenye begi. Kijana wa watu amenenepa kwa nyama ya mwanangu, nami nimekaa namtazama akilamba vidole na kuniambia, "Baba, Denis anakusalimu sana." Nataka kumrushia mfupa.

Asiyekuwapo na lake halipo. Nitasemaje kingine isipokuwa uvivu?

Na hunisikii nikimgombeza. Mtu mwenye mke na mtoto hagombezwi na baba yake, hilo tulifundishwa. Lakini mzee akimsimulia mjukuu hadithi na baba wa mjukuu amekaa palepale, nani atamzuia? Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu atalifumbua. Denis si mjinga.

Umeniuliza habari za mwaka ule wa msiba. Kahawa ya upande wa juu bado mbichi, nadhani itachelewa.

Nakuletea hadithi yote mpaka mwisho, niangalizie. Hapo mwishoni nimeandika: "So if you send other people to your mother's fire, you will be cold until you die." Naona inakaa vizuri. Inapiga.

Mdogo wako,
Remigius


Kilema, 6 Oktoba 2024

Dada Theopista,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mvua za vuli zimegusa kidogo. Sisi wazima.

Agosti imepita, Septemba imepita, sijapata neno lako. Nilifikiri barua imepotea, Gladys akauliza posta, wakasema zote zimekwenda. Kama ni macho, mwambie Mama Mkuu aniandikie hata mstari mmoja. Kama unaumwa nijue. Kama ni Kiingereza changu kimekukatisha tamaa, basi kiache, tutapungiana mikono.

Nimezoea kukukosa, lakini si hivi.

Remigius


Monasterini, 27 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Milele na milele. Siumwi. Macho ni yaleyale. Barua yako ilifika mapema mwezi wa nane nami sikuijibu, nikaiweka ndani ya kitabu cha Zaburi, nikawa naipita kila siku kama mtu anayempita mdai wake njiani.

Nitakueleza. Niliketi kusahihisha, nimeshika kalamu, nikafika kwenye ule mstari wako wa mwisho. Ukiwatuma wengine kwenye moto wa mama yako, utakuwa na baridi mpaka ufe. Kisarufi haukuwa na kosa hata moja. Nikautazama. Halafu nikakumbuka barua zangu zote kwako. Nisalimie kihamba. Nisalimie kaburi la mama. Nipigie goti kwa baba. Nilie ndizi ya kwanza. Tangu nilipoingia huku mimi nakutuma wewe, Remigius! Mama alipougua nilikutuma umshike mkono kwa niaba yangu. Alipokufa nikakutuma umfukie. Ukarudi ukaniandikia, mama alikusalimu. Sasa Pimbi ni nani?

Najua hukuniandikia mimi. Ulimwandikia Denis. Lakini ulipoutupa huo mshale ulipitia kwangu kwanza, na mimi nina kifua pia. Sijutii nadhiri zangu, ningezaliwa tena ningeingia tena. Lakini usifikiri aliyechagua kukaa mbali haoni baridi. Naiona. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka hapa unanuka kama wa kwetu, na mimi mzee mzima naacha jembe nasimama bustanini kama nimeitwa.

Kwa hiyo sasa nakusahihisha kama dada, nikuombe uufute huo mstari wa mwisho wote. Mama hakuwa nao. Mama aliishia kwenye kilio cha Pimbi, akanyamaza, akatupa ndizi. Na huo uvivu uutazame tena. Mimi mtu akiniita mvivu ningejifunika na kulala. Mtu hurudi kwao akijua atapokewa. Denis anajua hivyo? Nani alimwambia?

Majilio yakianza sisi hatupokei barua wala kuandika mpaka Noeli ipite, unajua desturi yetu. Kama una neno, liwahi.

Nisalimie... Hapana. Safari hii sikutumi.

Theopista


Kilema, 17 Novemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikashindwa nianze wapi. Wewe si Pimbi. Wewe ulikwenda kwa Mungu na mama alikubariki, akitusema sisi tuliobaki. Naomba radhi kwa hicho kifua.

Nina habari nyingine, wala sina nguvu ya salamu ndefu. Denis amepiga simu jana. Amesema kazini wamemnyima ruhusa, mkewe naye ana mtihani wa uuguzi, hawaji. Akasema, "Lakini baba, Remi anakuja. Eliufoo atamleta."

Umesikia, dada? Amemtuma mtoto. Blanketi zimekwisha madukani, sasa amemtuma mwanawe aje amwotee moto!

Gladys ananiambia nifurahi, mjukuu anakuja. Ninafurahi. Nimetengeneza kitanda, nimepaka chokaa chumba cha Denis. Lakini nilipomaliza kupaka niliketi juu ya kile kitanda nikalia kama mjane, sina aibu kukuambia. Mimi namtaka mwanangu. Nimtazame tu anavyoingia pale kwenye migomba akiinamisha kichwa, maana ni mrefu kama wajomba zake.

Kwa hiyo hadithi nitaisema yote, na uvivu wake. Mtoto ataibeba mpaka Kanada amfikishie. Nisamehe, hapo sikusikii.

Remigius


Kilema, 12 Januari 2025

Dada mpendwa Theopista,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na heri ya Noeli na ya mwaka mpya, najua sasa mlango umefunguka. Hapa sote wazima, na leo nina habari mpaka karatasi haitoshi.

Remi aliletwa na Eliufoo siku tatu kabla ya Noeli. Looh! Dada, ni Denis. Paji la uso, masikio, hata kule kukohoa kabla ya kusema. Alisimama uani na koti zito kana kwamba amekuja na Kanada yake, akaniambia "Shikamoo Babu," moja kwa moja, vizuri kabisa. Kumbe baba yake alimfundisha njia nzima hadi uwanja wa ndege. Nikasahau Kiingereza chote. Nikamwambia maji ya moto tayari.

Mbuzi tulimchinja sikukuu yenyewe. Nikakata mafungu, nikatoa la mwana wa kwanza, na Eliufoo amekwisha kuvuta kigoda karibu. Mtoto akauliza hiyo nyama ni ya nani. Nikamwambia ya baba yako. Akauliza, anakuja kuila? Nikamfungia Eliufoo nyama yake nyingine akale kwao, lile fungu nikalitundika juu ya moshi. Eliufoo alishangaa sana, maskini, mtu aliyezoea.

Kesho yake mvua ikanyesha kutwa. Tuko jikoni, mimi na Remi tu, napika mtori. Akasema, baba kaniambia unajua hadithi ya mnyama anayelia. Sikujua kama Denis anaikumbuka! Basi nikaanza. Na ninakuapia, dada, nilisema Kiingereza ambacho ungekipigia makofi. Kila kitu kilikuwa zamani mahali pake. "Pimbi was very cold. His mother was calling him." Mtoto akasogea, akaweka kiwiko kwenye goti langu bovu nami nikavumilia. Nikafika kwenye lile neno.

Nikamtazama. Analo lile paji la uso. Ananisubiri nimwambie kwa nini Pimbi hakwenda kwa mama yake. Na mimi nitamwambia mtoto huyu, mbele ya sufuria ya bibi yake, kwamba baba yake ni mvivu? Mdomo ulikataa. Nikasema, "He was ashamed." Aliona haya.

Hapo ndipo Kiingereza chetu kilipokwisha, maana mtoto aliuliza swali ambalo mimi na wewe hatukuliandalia. Haya ya nini? Nikamwambia Pimbi alichelewa. Siku moja mama alimhitaji sana naye hakuweza kufika, njia ilifungwa. Baadaye njia ikafunguka lakini akaogopa akifika ataulizwa, ulikuwa wapi. Remi akafikiri. Akauliza, "Would they ask him?" Je, wangemuuliza?

Dada, nilishindwa kuikumbuka hata "was" moja. Nilisema tu, "No. Nobody ask. They say sit, eat." Hakuna anayeuliza, wanasema kaa, ule. Nikageuka kukoroga mtori ambao haukuhitaji kukorogwa.

Uliniuliza mwezi wa sita kama nimewahi kulizungumza na Denis. Hapana. Alipiga simu siku ya mazishi, nikampa simu mtu mwingine kwa kuwa nilikuwa nalia. Tangu hapo tunaulizana hali ya hewa.

Jioni Gladys alimpigia Denis simu ili mtoto aongee na baba yake. Nami niko hapo napukuchua mahindi. Namsikia Remi anasimulia. Ameishika yote, Sungura, Kima, kila kitu. Akafika pa haya. Akafika pa njia kufungwa. Halafu akasema, kwa maneno yangu yaleyale mabovu, hakuyanyoosha, "But Babu said nobody ask. They say sit, eat." Simu ikawa kimya. Gladys akadhani imekatika, akaitikisa. Haikuwa imekatika. Tulisikia mtu anapumua. Kisha ikakatwa.

Siku zikapita hakupiga. Nikasema basi, nimeua. Nilitaka kumwita nimemfungia mlango. Nililala vibaya sana, na Gladys hakunisemesha.

Jumamosi ya tarehe nne, ilibaki juma moja Eliufoo amrudishe mtoto. Niko nachambua kahawa, mbwa akabweka. Nikainua macho kuelekea kwenye migomba, nikaona mtu anainamisha kichwa.

Hakuwa na begi, dada. Hata mfuko wa mkononi hakuwa nao. Miaka yote ile ya blanketi, na siku aliyokuja mwenyewe hakuleta kitu, kwa sababu alipata tiketi asubuhi akaondoka mchana. Alisimama pale anakohoa. Mikono haijui iende wapi. Akasema, "Shikamoo baba." Nikasema, "Marahaba. Kaa, ule."

Tukaingia jikoni. Nikaishusha ile nyama, ilikuwa ngumu kama kiatu, nikaichemsha. Akaila yote, machozi yanadondokea sahanini. Mtoto akataka kusema, nikamtikisia kichwa. Alipomaliza alinawa, akatoka, akaenda kaburini kwa mama yake chini ya ile mibuni, peke yake. Alikaa huko muda mrefu. Mimi sikumfuata wala sikumuuliza kitu.

Wameondoka jana, yeye na Remi. Nyumba imekuwa kubwa. Nilikuwa nimezoea kumkosa, sasa nimeanza upya kabisa, na maumivu yake ni mapya. Kama hivi ndivyo unavyoishi wewe huko, basi pole, sikujua.

Mdogo wako,
Remigius


Monasterini, 2 Februari 2025

Remigius, mdogo wangu,

Milele na milele, amina. Marahaba, marahaba sana. Leo tumebeba mishumaa kanisani na mimi wangu ulizimika mara mbili kwa sababu nilikuwa na barua yako mfukoni na akili yangu haikuwa kanisani. Sisi wazima wote. Bustani ina maboga mengi.

Nimeisoma barua kwa masista wakati wa maongezi, Mama Mkuu aliniruhusu. Nilipofika pa yule mtu anainamisha kichwa, wote wakaacha kushona. Sista wetu mdogo kabisa akauliza, na hicho Kiingereza cha babu ni sahihi? Nikamwambia mimi nimefundisha lugha ile zaidi ya nusu ya maisha yangu ya duniani, na sina la kugusa pale.

Nami nina neno langu. Gladys amenijia hapa mara nyingi. Ameniletea ndizi zako, kahawa yako, pombe ya mbege mara moja, ambayo Mama Mkuu aliifungia kabatini. Kila mara anakaa upande ule wa nondo za chumba cha wageni, ananiambia, "Baba anakusalimu sana, shangazi." Ni mtoto mwema, nampenda. Lakini mimi nilipoingia huku wewe ulisimama getini ukakataa kuniaga, ukageuka, na tangu siku ile sijauona uso wako. Sijui kama una mvi. Unaniandikia goti, ndama, ukungu, hujaniandikia hata siku moja kwa nini huji, nami sikuthubutu kukuuliza. Nilijisemea ana shamba, ana ng'ombe, ni mbali.

Jumatano ya Majivu ni mwezi ujao. Kabla ya hapo wageni wanaruhusiwa. Kuna mabasi ya kutoka Moshi, Gladys anayajua. Ndizi usilete.

Njoo, Remigius. Sitakuuliza ulikuwa wapi.

Theopista